Kunenepesha Punda wa Mahari

Mama yangu alimzunguka yule punda. Akampitishia kiganja mgongoni, kuanzia begani hadi mkiani, taratibu, kisha akamgeukia mchumba wangu na kumuuliza, "Hizi ni kuni umeniletea?"

Wanawake wote waliokuwa uani waliangua kicheko. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, ingawa mahari iliyokuwa ikichekwa ilikuwa yangu. Mchumba wangu alibaki ameshika kamba, jasho likimtiririka, na yule punda jike pembeni yake akafumba macho akasinzia palepale.

Hapo ilikuwa Kakuma, nyumbani kwetu. Mimi na huyo mwanamume tulikuwa tunaishi Lodwar, mimi nikishona nguo sokoni, yeye akiendesha bodaboda, na mambo ya mbuzi na ngamia wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshayapanga. Lakini mama aliweka sharti lake mwenyewe juu ya hayo yote: alitaka punda jike mwenye nguvu. Punda wake wa zamani alikufa katika ukame, na tangu siku hiyo mama alikuwa akibeba maji kichwani kutoka kisimani, na kuni za kuuza kule kambi ya wakimbizi akizibeba mgongoni. Baba alishafariki, na mimi mtoto wake wa pekee wa kike nilikuwa mbali. Hakuna aliyethubutu kumwambia sharti lake ni kubwa.

"Mrudishe Lodwar," mama akamwambia. "Mlishe kwa mkono wako mwenyewe. Siku wazee watakapokaa kupokea mahari, mlete tena. Akiwa na nyama hapa mgongoni, mchukue binti yangu. Akiwa bado kuni, binti anarudi hapa tusaidiane kubeba maji."

"Sawa, mama," akajibu, bila hata kuuliza punda anakula nini.

Nilitaka kumfinya. Huyu mtu alizaliwa Lodwar mjini, baba yake alikuwa dereva wa lori, na mnyama pekee aliyewahi kumfuga ni paka aliyejileta mwenyewe. Punda alimnunua kutoka kwa watu waliomleta kutoka upande wa Kaaleng, na nilipomuuliza alimchaguaje, aliniambia ati alikuwa na macho mazuri. Macho! Mama yangu anataka mgongo, yeye ananunua macho.

Tulirudi Lodwar tukiwa nyuma ya kanta, lile lori dogo, sisi wawili na punda, tumekalia magunia matupu ya makaa. Nilikuwa nimenuna, hasira imenijaa mpaka shingoni. Yeye alimtazama punda, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni kama pikipiki iliyolazwa muda mrefu. Tukimfanyia savisi ataunguruma tu."

"Na plagi yake iko wapi?" nikamuuliza.

Akainama chini ya tumbo la punda kuitafuta, kwa uso wa mtu anayefanya kazi kabisa. Nilikataa kucheka. Nikakaza mdomo. Halafu kanta likaruka shimo, punda akateleza akamkalia mapajani, na basi, kununa kwangu kukaishia hapo. Tulicheka hadi dereva akagonga kioo kuuliza kama tuko salama.

Chumba chake kilikuwa kwenye ploti ya mabati ambako hata kuku hana pa kugeukia. Kwangu kulikuwa na ua mpana wa makuti ya mkoma, na mwenye nyumba wangu alikuwa bibi kizee asiyesikia vizuri, jambo la heri sana kwa mtu anayetaka kukaa na punda. Kwa hiyo punda akaja kwangu. Tuliambizana kwamba punda anapanga tu kwangu, kwamba mlishaji ni yeye mwanamume kama mama alivyoagiza. Na kwetu bibi harusi hagusi mali inayoletwa kwa ajili yake. Anakaa kando, anajifanya haoni. Nilijifanya sioni mpaka jua lilipopanda kidogo, kisha nikaenda kumpa maji kwa sababu mwenzangu alikuwa amemwekea ndoo yenye harufu ya petroli.

Punda alikuwa katika hali ya kutia huruma. Mifupa ya nyonga imetokeza, manyoya marefu yamesokotana, kwato zimerefuka zikajikunja mbele, na begani palikuwa na kidonda kilicholiwa na kamba za watu wengine. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nyasi anazitafuna halafu zinamdondoka. Tukamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi mwenye duka la dawa karibu na soko. Akamfungua mdomo, akaingiza mkono mzima, akasema jino moja la nyuma limeota ncha, linamkata shavu kila anapotafuna. Akatoa tupa ndefu akaanza kulipunguza, krr, krr, krr. Mchumba wangu, mwanamume anayepita katikati ya malori bila kofia, alitoka nje akaenda kushika ukuta.

Daktari alipomaliza jino alikata kwato, akampa punda dawa ya minyoo, akaosha kidonda, kisha akatuelekeza. Nyasi kavu ziwepo muda wote. Maganda ya mgunga, yale tunayoyaita ngitit, apewe kidogo kidogo na yaongezwe polepole. Chumvi ya kulamba, maji safi kivulini. Pumba konzi moja tu, si zaidi. Asibebe kitu mpaka bega lipone, lakini atembezwe kila siku, kwanza kutembea, baadaye kukimbia, mzigo uje mwisho.

"Konzi ya nani?" akauliza mchumba wangu.

"Ya huyu dada," akajibu daktari akinionyesha mimi. "Yako ni beleshi."

Basi yakaanza maisha ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu nikiwa kwenye cherehani, wateja wanadhani nimepatwa na wazimu. Alfajiri, kabla jua halijaanza ukali wake, tulikuwa tunampeleka punda kwenye mchanga wa mto Turkwel. Siku ya kwanza mwenzangu alikuja na wazo lake. Alifunga kamba nyuma ya pikipiki ili yeye aendeshe polepole na punda akimbie nyuma. Alikuwa amefurahi na akili yake hiyo! Akawasha. Punda akapiga hatua chache za adabu, akafikiri, akasimama. Punda akisimama amesimama. Pikipiki ikatoka chini ya bwana wangu, yeye akabaki hewani kidogo, halafu akalala kwenye mchanga kifudifudi. Punda akamkaribia akamnusa kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini, siwezi kusimama, mbavu zinaniuma.

Hapo ikawa hakuna njia ila akimbie kwa miguu. Sasa huyu ni mtu anayeenda hata chooni kwa pikipiki. Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kutangulia. Akashika kamba, akaanza, na punda akakimbia naye bega kwa bega, masikio yamesimama, kwa sababu aligundua kwamba huyu wa pembeni hana mbio za kumtisha. Walifika kwenye mkoma wa kwanza, mwenzangu akaukumbatia. Kesho yake wakaupita kidogo. Mchanga ni mzito, unavuta miguu, na ndiyo maana unajenga misuli, daktari alisema. Alimaanisha misuli ya punda, lakini suruali za mwenzangu zilianza kumlegea, akaniletea nizipunguze kiuno.

Waendesha boda wenzake wa stejini walijua. Kwetu punda ni mali ya mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe dume wake anayemwimbia na kumfunga kengele, lakini punda ni wa mama, wa maji, wa kuhamisha boma. Mwanamume mzima akionekana asubuhi anakimbia na punda kando ya mto ni kujitafutia maneno. Wakawa wakimwona wanapaza sauti, "Mama, maji leo bei gani?" Naye anajibu bila kupunguza mwendo, kwa sauti nyembamba ya kike, "Kwako wewe ni bure, mwanangu, njoo na mtungi!" Mimi nikisikia hivyo nilikuwa najawa na furaha mpaka inanikera. Nilimpenda, basi. Nilimpenda alipokuwa msafi juu ya pikipiki, lakini nilimpenda zaidi akiwa na mavi ya punda kwenye viatu.

Na hasira zangu alizibeba pia. Maana wiki za mwanzo punda hakuonyesha badiliko lolote, mbavu zilikuwa zilezile, na siku ya wazee ikawa inasogea. Asubuhi moja niliamka nikamkuta punda amelala chini, anajitazama ubavu, anainuka, anajilaza tena. Tumbo limekaza. Mwenzangu alikuja, akamtazama, akaangalia pembeni. Nikajua.

"Umempa nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ndiyo nini?"

"Ndoo. Ya pumba. Nilitaka aharakishe."

Wee! Nilivua ndara nikamrushia, akaikwepa, nikavua ya pili. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu kuna watu wa kanisani kwangu wanasoma. Nilimwambia akitaka kuharakisha anywe mafuta ya pikipiki yake. Kisha nikaanza kulia, maana nilikuwa naona picha yote: punda amekufa, mama na mtungi wake kichwani, na mimi narudi Kakuma na cherehani yangu, na huyu mpumbavu anabaki Lodwar akiwa peke yake.

Daktari alikuja, akampiga sindano ya maumivu, akatukataza kumpa chakula chochote, akatuambia tumtembeze na tungoje. Tungoje nini? "Mavi," akasema. "Tumbo likifunguka amepona."

Tulimtembeza ule ua mzima. Tunazunguka, tunapokezana kamba. Mwenzangu alikuwa amenyong'onyea hata boda yake hakuiwaza, simu ya wateja inalia haipokei. Bibi mwenye nyumba akatoka akaketi mlangoni kutuangalia tukizunguka, akatuuliza kama ni dini mpya. Jua likapanda. Tukaenda kivulini, tukaendelea. Halafu punda akasimama, akainua mkia, na kikadondoka kitu halisi, kizuri, kingi, hapo katikati ya ua.

Haki, tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga, yeye alipiga, tukarukaruka, tukakumbatiana tukiwa tumezunguka lile rundo la mavi. Jirani wa pili akachungulia juu ya makuti kuuliza kuna nini, mwenzangu akamwambia kwa sauti kubwa, "Amekunya!" Jirani akatutakia heri akarudi ndani. Sijawahi kupata habari njema kuliko ile.

Tangu siku hiyo pumba ilikuwa konzi yangu. Na mlishaji akawa mimi, tusidanganyane. Yeye alizunguka na boda kutafuta magunia ya ngitit, akakata nyasi kando ya mto, akakimbia. Mimi nikapima, nikalisha, nikampiga brashi mpaka manyoya ya zamani yakatoka kwa mafungu. Yule punda alinizoea vibaya. Nilikuwa nafunga maganda machache ya ngitit kwenye pindo la leso kiunoni ili nimpe moja moja akifanya vizuri, naye akajua mahali penyewe. Nikitoka tu mlangoni analia, anakuja, anasukuma kichwa chini ya kwapa langu, anatafuta fundo kwa midomo. Alikuwa anafungua fundo vizuri kuliko watoto wa mjini.

Bega likapona. Tukaanza kumweka matandiko ya fito yakiwa matupu, chini yake blanketi kuukuu ili yasimchubue, kisha mitungi yenye maji nusu, kisha iliyojaa. Mwili ukaja. Kwanza shingo ilijaa, halafu nyonga zikajificha, halafu asubuhi moja nikampitishia kiganja mgongoni na sikuhesabu mfupa hata mmoja. Manyoya yaling'aa. Watu wakaanza kusimama kwenye makuti kumtazama, na kwa kuwa kwetu nyama ya punda ina wapenzi wake, si wote waliokuwa wakimtazama kwa nia njema. Kuna mzee mmoja alimeza mate mbele yangu, waziwazi. Nilimwambia apite, apite upesi, kabla sijavua ndara.

Siku ya wazee nilitangulia Kakuma. Shangazi zangu walinipaka mafuta, wakanivika shanga mpaka shingo ikawa haigeuki, nikasimamishwa kando na wanawake, macho chini, kama inavyotakiwa. Leso yangu ya kazini ilikuwa kiunoni ndani ya hayo yote. Niliivaa kwa mazoea tu.

Kanta likaja. Ejok, ejok, salamu zikapigwa kote. Mwenzangu alishuka na punda, na kwa kweli moyo wangu ulijaa hadi nikashindwa kupumua na zile shanga. Yeye amekuwa mwembamba, amesimama wima. Punda ameshiba, anatembea kwa madaha, kamba imelegea. Baba mkubwa, ndugu yake baba yangu ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akaguna, "Huyu siye wa juzi." Mama alipitisha kiganja mgongoni. Akakipitisha tena. Akafungua mdomo akaangalia meno, akainua miguu, akaagiza matandiko yaletwe na mitungi iliyojaa, akafunga mwenyewe kwa nguvu. Punda akatembea nayo uwanja mzima bila kuyumba.

"Umemlisha wewe?" mama akamuuliza mchumba wangu.

Mwenzangu akafungua mdomo kujibu. Na hapo upepo ukageuka.

Niliyaona masikio ya punda yakisimama. Nikasema moyoni, hapana, tafadhali, hapana. Pua ikapanuka. Akatoa ule mlio wake wa asubuhi, mlio ambao hata bibi kiziwi wa Lodwar alikuwa anausikia, akang'oa kamba mkononi mwa mwenzangu akaja. Alikuja mbio, na mitungi na maji yake, akipita katikati ya wazee waliokuwa wameketi kwenye vigoda vyao, baba mkubwa akaanguka chali fimbo juu, shangazi zangu wakatawanyika wakipiga kelele, na punda akanifikia mimi, mimi tu kati ya wanawake wote wale, akasukuma kichwa chini ya kwapa langu, akafungua fundo la leso. Maganda yakamwagika chini. Akaanza kula.

Nilisikia tu anavyotafuna, vizuri kabisa, kwa jino lililotengenezwa.

"Mmejuana lini?" mama akaniuliza.

Baba mkubwa aliinuliwa, vumbi limemjaa mgongoni, akaanza kufoka: ni nani amewahi kusikia bibi harusi analisha mahari yake mwenyewe, huu ni udanganyifu, punda arudi, vijana warudi, kila kitu kirudi. Wazee wa upande wa pili wakaangalia vidole vyao vya miguu. Shanga zilinibana. Nikamwona mwenzangu anakuja, na nikajua atasema uongo mkubwa wa kiboda ili kuniokoa, na mama atamkamata.

Hakusema uongo. "Mama, mimi nilikimbia naye," akasema. "Nyasi nilileta mimi. Kulisha alilisha yeye, kwa sababu nilipolisha mimi nilitaka kumuua. Na siku alipougua tulizunguka naye wote wawili asubuhi nzima hadi akanya."

"Akanya," mama akarudia.

"Tulipiga vigelegele," nikasema mimi, sauti ikanitoka yenyewe.

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia akacheka, akanyamazishwa. Mama alikuwa amenikazia macho. Nilidhani ananitafutia adhabu.

"Mlizunguka pamoja," akasema. "Na yeye akiwa anashika kamba."

"Tulipokezana, mama."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia, "Mimi na baba yako, Mungu amweke pema, alikuwa mtu mzuri, lakini hata kuku mmoja hatukuwahi kumlisha pamoja."

Baba mkubwa alikuwa na maneno bado. Akayameza. Mama akamgeukia, akamwambia wageni wamekaa juani muda mrefu, wapewe chai, na ng'ombe wa kuchinjia harusi atafutwe. Hivyo tu. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, wengine wakafuata, na mchumba wangu akaenda kumpangusa baba mkubwa vumbi la mgongoni.

Mama akashika kamba ya punda amwondoe. Punda akakaza shingo, hataki. Akavuta, punda akaniegemea mimi. Nikatamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja, maana ndipo nilipotambua kwamba kesho mimi narudi Lodwar na huyu anabaki. Mama aliyenifundisha kila kitu nijuacho kuhusu punda, tangu nikiwa mdogo kiasi cha kupakiwa juu ya mzigo, alisimama na kamba mkononi, mkono wake mwingine ukashika utosi palipopukutika nywele kwa mitungi.

"Haya," akaniambia. "Nionyeshe anavyopenda."

Niliokota maganda yaliyobaki, nikamwekea kiganjani, nikambananisha vidole asije akaumwa. "Mkono ubaki wazi, mama. Usiuvute." Punda akamtazama, akamnusa, akaanza kuchukua moja moja kwa ile midomo yake laini, na mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akicheka mbele ya wazee wa kiume, akaanza kucheka kwa sababu inamtekenya, akacheka mpaka akashika bega langu asianguke.